Ndevu za Msiba Usio Wangu

Ashbrook, Massachusetts

Jumapili, 11 Januari 1914

Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha. Wavulana wangu wawili wamekuja baada ya ibada, wakalowesha zulia la Bi Tuttle, mwenye nyumba wangu, kwa viatu vyao, na Bi Tuttle akanikunjia uso mimi. Ndiyo kazi yangu hapa, kukunjiwa uso kwa niaba yao. Serikali yetu imenileta Amerika niwe mlezi wa vijana waliotawanywa katika shule za bweni: niwatafutie makoti, niwapatanishe na walimu wao, niwasukume wacheze na wenzao, na kila Jumapili niwashikishe brashi na wino wasije wakasahau mwandiko wa kwao.

Hsiung Te-ming hana tatizo lolote isipokuwa mdomo. Tseng Pao-lin ana mtihani. Juni atafanya ule wa kuingia chuo kikuu, na mwaka huu hakuna kijana wangu mwingine mwenye akili ya kuupita. Leo ameandika barua kwa mama yake kama kawaida, mimi nikamsahihisha.

"Mwandiko umelegea," nikamwambia. "Mama yako atadhani tunakuchimbisha makaa."

"Mikono imeganda, Mwalimu."

"Mwalimu, mbona makaa tunabeba kweli?" akadakia Hsiung. "Jana mimi nimebeba mpaka kiuno kimelia."

Nimewapa tambi za moto, wakaondoka.

Jumatano, 14 Januari

Baridi. Hakuna jipya.

Jumatatu, 19 Januari

Bwana Yeh, muuza chai wetu wa New York, ameshuka kwenye treni ya mchana bila kutoa taarifa. Nilipomwona mlangoni, kofia mkononi, nilijua hajaja kuuza chai.

Mama yake Pao-lin amefariki. Kifua, mwezi uliopita, kule kwao Changsha. Baba mdogo wa kijana amempelekea Yeh simu ya maandishi, na Yeh akaona si habari ya kutuma tena kwa waya, akaja mwenyewe.

"Baba mdogo anakuomba jambo moja," Yeh akasema. "Kijana asijue mpaka amalize mtihani. Baba hana, ni mwana pekee. Akijua atataka kurudi, na akirudi nafasi yake wanapewa wengine."

"Na maombolezo?"

"Atayafanya baadaye. Wewe unajua kwetu ilivyo."

Najua. Kwetu aliye safarini hapewi habari ya msiba. Huachwa mpaka afike mlangoni aone kitambaa cheupe mwenyewe. Tunaita huruma. Nilikubali kabla chai haijapoa. Humu naweza kusema ukweli: sikukubali kwa huruma. Mwaka jana kijana wangu mmoja wa shule nyingine alishindwa, akarudishwa nyumbani, na ofisi yetu imekuwa ikinitazama kwa jicho la pembeni tangu hapo. Nilifikiria mtihani kwanza. Marehemu nilimfikiria Yeh alipokwisha kuondoka.

Nilimwona mara moja tu, gatini Shanghai, siku niliyowachukua. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo. Wazazi wengine waliniomba niwafunze watoto wao Kiingereza kizuri. Yeye alisema, "Huyu akiwa na huzuni hali chakula. Mlazimishe." Kisha akageuka akaenda zake, maana alikuwa anaanza kulia na hakutaka mtoto aone.

Jumatatu, 26 Januari

Mwaka mpya wetu. Mkuu wa shule amewapa ruhusa ya jioni. Nilikuwa nimekwisha kubandika karatasi nyekundu za heri mlangoni kabla ya habari, na sikuwa na sababu ya kuzibandua ambayo Hsiung asingeihoji. Kwa hiyo kijana mwenye msiba amepita chini ya nyekundu, amekula nyama ya nguruwe, amenitakia heri kwa kicheko. Mimi nimesema tumbo linaniuma, nikala kabichi.

Ijumaa, 30 Januari

Nimefanya uamuzi ambao mtu mwenye akili timamu asingeufanya. Mtoto aliyefiwa na mzazi hanyoi nywele wala ndevu kwa siku mia moja, hagusi nyama siku za saba, yaani kila siku ya saba tangu kifo, havai nyekundu, haendi kwenye mchezo wala karamu. Pao-lin hawezi kuyafanya kwa kuwa hajui, na hajui kwa sababu yangu. Basi nitayafanya mimi. Nimeshona utepe mweupe ndani ya mkono wa koti langu na wembe nimeufungia sandukuni. Najua msiba haubebwi kama mzigo wa sokoni, lakini kukaa bure nimeshindwa.

Jumamosi, 7 Februari

Nimemzuia Pao-lin asiende kwa kinyozi. Nimesema kinyozi ana mafua mabaya. Jioni amepita dirishani, kisogo kinang'aa.

Jumanne, 10 Februari

Bi Tuttle ameniuliza kama nimepoteza wembe. Ndevu zangu ni chache kiasi kwamba kila moja ningeweza kuipa jina, na kila moja imeelekea upande wake.

Jumamosi, 21 Februari

Shule imefanya mchezo wa kuigiza. Vichekesho. Wamempa Pao-lin nafasi ya mfalme wa Mashariki anayepotea njia na kuangukia jikoni kwa mkulima wa Kimarekani. Nilipopata habari wiki mbili zilizopita nilimwita.

"Achana nao. Unapoteza muda wa hesabu."

Alinitazama kwa mshangao. "Mwalimu, si wewe uliyetuambia tusijitenge? Mwaka mzima unasema, ingieni, ingieni. Sasa nimeingia."

"Mwaka mzima hukuwa na mtihani."

"Hesabu nimeshika nafasi ya pili darasani. Kuna kingine, Mwalimu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikasema hakuna kingine.

Kwa hiyo leo nimekaa safu ya tatu, nimemwona akitoka nyuma ya pazia amejifunga kitambaa chekundu toka shingoni hadi miguuni, mashavu yamepakwa rangi, akaanguka kwenye beseni la unga. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akainuka mweupe kichwa kizima, akanitafuta kwa macho katika watu wote wale. Nikampigia makofi. Mama yake hajamaliza hata siku zake mia moja, na mimi nimekaa pale nampigia makofi.

Jumapili, 1 Machi

Ameniuliza. Hsiung alikuwa amekwenda kuchota maji ya wino, Pao-lin akaweka brashi chini.

"Mwalimu, hujasikia lolote kutoka nyumbani?"

"Lolote kama nini?"

"Mama hajaandika tangu kabla ya Krismasi."

"Meli zinachelewa majira haya."

"Barua za Hsiung zimefika. Meli ni ileile."

Ana akili, na mimi ndiye niliyemfundisha kuhoji. Nilichovya brashi kwenye wino ingawa sikuwa na cha kuandika. Nikamwambia Bwana Yeh alipita na kusema mama yake anasumbuliwa na macho, hawezi kuandika kwa sasa, na hakutaka mwanawe ajue asije akawa na wasiwasi.

Alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Macho tu?"

"Macho tu."

"Ungeniambia, Mwalimu. Mimi nimekesha nikiwaza mengine."

Akacheka kidogo, akajiita mpumbavu. Nimemwona usingizi ukimrudia usoni palepale. Kuficha ni jambo moja. Mwezi mzima nilijiambia kwamba nimeficha tu, sijadanganya. Leo nimedanganya, tena vizuri, na kijana amenishukuru.

Jumapili, 8 Machi

Pao-lin ameandika barua kwa herufi kubwa kubwa, kila moja kama kigae cha paa, ukurasa mzima una maneno machache tu. "Asiumize macho," akasema. Amenipa nisahihishe. Hapakuwa na kosa hata moja.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua na theluji pamoja. Sikutoka.

Jumapili, 15 Machi

Leo wamekuja wamevaa makoti yao meusi ya sherehe, wakasimama mlangoni hawaingii. Hsiung alikuwa kimya. Nilipoona Hsiung yuko kimya nikajua mambo yamekwisha, wamesikia.

"Mwalimu," Pao-lin akaanza, "tumejua."

Nikashika kitasa cha mlango.

"Tumeona ndevu. Hsiung ameona na utepe mweupe ndani ya koti siku ulipoinua mkono kuchukua kamusi. Tumekumbuka pia kwamba hukula nyama mwaka mpya. Baba yako ulituambia alifariki zamani. Kwa hiyo ni mama." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Pole sana, Mwalimu. Umebeba peke yako muda wote huu usituvunje moyo kwa ajili ya masomo."

"Na sisi tulikuwa tunacheka ndevu zako," Hsiung akasema. "Mimi hasa. Nilisema unafanana na mbuzi wa Bi Tuttle. Nisamehe."

Wakapiga magoti wote wawili pale pale kwenye zulia. Ni mzima, mama yangu. Yuko Soochow, ana miaka sabini na mmoja, ana meno yake yote, anagombana na mkwewe kila asubuhi kuhusu uji. Kumwombolezea mzazi aliye hai ni kumwitia kifo. Hakuna mtoto wa kwetu asiyelijua hilo. Ningekataa, lingefuata swali: basi ndevu ni za nani? Nikainamisha kichwa. Nikapokea pole.

Pao-lin alinishika mkono, jambo ambalo kijana wa kwetu hamfanyii mwalimu. "Siku ukitaka kulia, tuite," akasema. "Usilie peke yako ugenini."

Nimelia kweli. Wao wakadhani wanajua ni kwa ajili ya nani.

Jumanne, 17 Machi

Hsiung amemwambia Bi Tuttle. Nimekuta meza ya jikoni ina mkate wa matofaa, na Bi Tuttle amevaa aproni safi.

"Pole kwa mama yako, Bwana Fei. Kula."

Nilishindwa hata kukata. Nikamwambia yote. Alikaa akanisikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo nimeamka alfajiri kumwokea mkate mwanamke aliye hai?"

"Ndiyo."

"Na yule mtoto anaandika barua kwa aliyekufa."

"Ndiyo."

"Mwambie leo."

"Kwetu, Bi Tuttle, msiba..."

"Kwenu, kwenu. Kila kitu kwenu. Mtoto yuko kwetu huku, na wewe uko chini ya paa langu." Akauvuta mkate upande wake. "Sitamwambia mimi. Lakini usinitake nikutazame usoni."

Na kweli, hanitazami.

Jumapili, 22 Machi

Pao-lin ameacha nyama siku za saba, kuniunga mkono. Bwenini wanamcheka, anasema ni dini. Katika barua ya leo amemwandikia mama yake: "Mwalimu amefiwa na mama. Nimemwona anavyokonda. Mama, usiende kisimani kukiwa na barafu, na dawa ya macho usiikatishe." Nikaisahihisha. Nikamrudishia.

Jumapili, 5 Aprili

Siku ya makaburi. Nyumbani leo watu wote wako vilimani wanafagia makaburi ya wazee wao. Huku ardhi ndiyo kwanza inaanza kulainika. Wavulana waliomba tufanye ibada kwangu. Walipanga meza wenyewe: machungwa, chai, wali, vijiti vitatu vya ubani ambavyo Hsiung aliagiza kwa Bwana Yeh. Walitaka pia karatasi yenye jina la marehemu isimamishwe katikati. Pao-lin ndiye mwenye mwandiko bora, akashika brashi.

"Mama alizaliwa ukoo gani, Mwalimu?"

Ukoo wa mama yangu ni Wen. Mdomo wangu ukakataa kutaja jina la aliye hai liandikwe kwenye karatasi ya wafu. Na papo hapo nikaona njia, nikaikimbilia kama mwizi aliyeona mlango wazi.

"Liao," nikasema.

Akatabasamu. "Kama mama yangu. Ukoo mmoja." Akaandika polepole kuliko siku zote, akapuliza wino ukauke, akasimamisha karatasi. Kisha akaniuliza kama anaweza kusujudu kwanza, kwa kuwa mimi ni mwalimu wake na mama yangu ni kama bibi yake. Nikamruhusu. Akapiga magoti, paji la uso likagusa sakafu mara tatu, kwa mpangilio, bila haraka, kama mwana anavyotakiwa.

Nilisimama nyuma yake nikijiambia: sasa amemsujudia mama yake. Jina ni lake, mtoto ni wake, siku ndiyo yenyewe. Hakujua, lakini limefanyika. Nimekula chakula cha jioni kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha. Namwona Bi Tuttle anavyonitazama sahani, lakini leo sijali.

Alhamisi, 30 Aprili

Jana zimetimia siku mia moja tangu Yeh aje. Nimenyoa. Pao-lin amenipongeza kwa upole kama watu wanavyompongeza mtu aliyetoka hospitali.

Jumapili, 3 Mei

Uwanja umekuwa kijani ghafla. Pao-lin anasoma mpaka anasahau kula. Anasema akifaulu atamwomba ruhusa mkurugenzi wa ofisi yetu arudi nyumbani majira ya kiangazi, miezi mitatu tu, ampeleke mama kwa daktari wa macho Hankow. Ameuliza jina la daktari mzuri. Nimesema nitaulizia.

Jumapili, 17 Mei

Utulivu wa siku ya makaburi umenitoka. Kila nikitaka kuukumbuka nakumbuka sura yake alipotabasamu kuhusu ukoo mmoja.

Jumapili, 14 Juni

Kesho mtihani unaanza. Nimemchongea penseli mwenyewe. Hsiung amesema, "Mwalimu, ukimchongea zaidi atafanya mtihani na sindano." Wamecheka wote wawili. Pao-lin amenikumbatia kwa mkono mmoja akitoka.

Jumamosi, 20 Juni

Mtihani umekwisha jana. Asubuhi hii wamekuja wote wawili, Pao-lin amechanua uso mzima; hesabu anasema ilikuwa kama kunywa maji. Nikamwomba Hsiung akae jikoni na Bi Tuttle. Bi Tuttle akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Machi, akafunga mlango.

Nilikuwa nimejipangia maneno mengi. Nikasema machache. Mama yako amefariki. Desemba, kwa kifua. Baba yako mdogo aliniomba nikufiche mpaka leo na mimi nikakubali.

Hakulia. Aliketi kwenye kiti changu, kiti ambacho hajawahi kukikalia.

"Macho," akasema.

"Hapakuwa na macho. Nilitunga."

"Ulijua siku ya mchezo? Nilipovaa nyekundu?"

"Nilijua."

"Ulipiga makofi. Nilikuona."

"Nilipiga."

Jikoni hapakusikika hata kijiko. Nikaona kwamba namtazama mtoto akihesabu mwezi mmoja mmoja, kila Jumapili, kila barua, na kila aliyoifikia ilikuwa na mkono wangu ndani yake. Sikuweza kuvumilia, nikatoa kile nilichokuwa nimekiweka akiba.

"Sikiliza, mwanangu. Zile ndevu zilikuwa zake. Nilimwombolezea badala yako, mpaka siku mia zikatimia. Na siku ya makaburi, karatasi ile, ukoo ule, ilikuwa jina lake. Ulimsujudia. Hukumkosesha haki yake."

Akainua uso. Nilitarajia hasira, na hasira ningeipokea kwa mikono miwili. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma mwandiko mbaya.

"Mama wa Mwalimu yuko wapi, basi?"

"Soochow."

"Mzima?"

"Mzima."

"Mwalimu, siku ile mimi nilimsujudia mama yako. Nilimfikiria yeye. Nilimwomba akulinde." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mama yangu nilimfikiria yuko nyumbani anasugua macho. Mimi sijamsujudia bado."

Akasimama, akavua koti, akalikunja juu ya kiti. Akageukia dirishani, upande ambao aliona ndio wa kwao, akapiga magoti. Hapakuwa na meza, ubani wala karatasi. Nikapiga magoti nyuma yake, maana nilidhani nafasi hiyo angalau ni yangu.

Alisikia magoti yangu yakigusa ubao. Hakugeuka.

"Simama, Mwalimu," akasema. "Wako yu hai."

Nikasimama. Nikaenda kukaa jikoni na wale wengine, tukamngoja.